Herufi Nne Kwenye Mashine ya Fundi

Leo nakuomba unifuate hadi kibanda kimoja cha vyuma huko Kariobangi, nilikokwenda kuulizia bei ya geti nikatoka na kazi ya kunisomesha usiku kucha.

Fundi mwenyewe ni mtu wa makamo, mkono wake wa kulia una makovu ya cheche tangu ujana. Zamani alikuwa na mashine ya kuchomelea iliyotengenezwa na wenzake wa jua kali, sanduku la bati lililojaa nyaya za shaba, zito kiasi kwamba lilihitaji wanaume wawili na mkokoteni. Alipoliwasha, taa za vibanda vya jirani zilififia na majirani wakaanza kumtaja mamake. Siku hizi ana kijimashine kidogo kama mkoba wa mama anayekwenda kanisani, chenye mkanda wa kuvaa begani. Anapanda nacho matatu na kondakta hamtozi nauli ya mzigo.

Ubavuni mwa kijimashine hicho pameandikwa herufi nne kubwa: IGBT. Nikamwuliza maana yake. "Ni jina la kampuni," akanijibu bila kusita.

"Si kampuni, Baba," ikasema sauti kutoka nyuma ya rundo la mabomba. Ni bintiye, amefanya KCSE akapasi vizuri, na barua ya kuitwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme anayo. "Ni jina la kitu kilicho ndani. Ndicho kinachofanya mashine iwe ndogo."

Basi hapo ndipo yalipozuka. Kumbe mle nyumbani kwao kuna vita baridi ya miezi miwili. Msichana hataki kukomea shahada ya kwanza. Anataka kuendelea hadi awe profesa wa elektroniki ya nishati. Babake anataka amalize miaka mitano, aajiriwe, awavute wadogo zake watatu. "Stima ina profesa wa nini?" akaniuliza fundi, koleo mkononi. "Stima inataka fundi! Hao maprofesa wenyewe si ndio niliowaona wakigoma mwaka 1993 wakakaa nje karibu mwaka mzima, na mpaka leo wanagoma? Wewe bwana mwandishi umesoma, mwambie huyu mtoto."

Mimi, msomaji wangu, nina diploma ya uandishi wa habari, na stima naijua kwa tokeni zake tu. Lakini aibu ya kunyamaza ilinishinda. Nikawaahidi kwamba nitasoma kisha nitawajibu hapa hapa ukurasani. Ndio haya.

Tuanze na swali la fundi, kwamba stima ina profesa wa nini. Umeme unaotoka ukutani mwako ni wa volti 240, nao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Huo ni umbo mmoja tu, ilhali vyombo vinautaka kwa maumbo mengine. Simu inataka volti chache za kwenda upande mmoja. Jiko la kisasa la kupikia kwa sumaku linataka umeme wa kwenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde. Paneli ya sola juu ya paa inatoa umeme wa upande mmoja, lakini televisheni inautaka ule wa ukutani. Elektroniki ya nishati ni elimu ya kuubadilisha umeme umbo bila kuupoteza njiani ukawa joto la bure. Ukitaka kuiona kwa ukubwa wake nenda Suswa, kaunti ya Narok, inapofikia laini ya umeme kutoka Sodo nchini Ethiopia. Umeme husafiri zaidi ya kilomita 1,000 ukiwa wa upande mmoja, kwa volti 500,000, kisha pale Suswa hugeuzwa ndipo uweze kuingia katika nyaya zetu. Umeme wa kwanza ulipita humo mwishoni mwa mwaka 2022.

Siri ya elimu hii yote ni swichi, lakini si ile ya ukutani unayoibofya ukilala. Hii inafunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, na hiyo ndiyo iliyoipunguza mashine ya fundi wetu. Transfoma ya kizamani ilikuwa nzito kwa sababu umeme wa mara 50 kwa sekunde unadai chuma na shaba nyingi. Uugeuze umeme huo uende makumi ya maelfu ya mara, na transfoma ile ile inaweza kupungua ikatosha kiganjani. Kwa hivyo mkokoteni uliondolewa na swichi. Na swichi yenyewe ndiyo hiyo IGBT, ambayo hadithi yake haiwezi kusimuliwa bila kumtaja profesa mmoja.

Jina lake ni Jayant Baliga. Alizaliwa Madras, India, mwaka 1948, akakulia Jalahalli karibu na Bangalore. Babake alikuwa miongoni mwa wahandisi wa kwanza wa umeme nchini humo, kwa hivyo tusidanganyane kwamba alitoka katika ufukara. Nyumba ilikuwa na vitabu, na vitabu hivyo vilikuwa vya umeme. Alisoma chuo maarufu cha teknolojia cha IIT mjini Madras, akamaliza 1969, kisha akavuka bahari kwenda chuo cha Rensselaer kilichoko Troy, jimbo la New York. Shahada ya pili aliipata 1971, ya udaktari 1974.

Hapa ndipo ninapotaka wewe kijana unayesoma huku ukitafuna mandazi usimame kidogo. Utadhani kijana mwenye udaktari alifunguliwa milango yote. La hasha! Baliga alitaka kazi katika zile maabara za kifahari ambako sehemu ndogo ndogo za kompyuta zilikuwa zikivumbuliwa, kwani miaka hiyo kila mwenye akili alikimbilia huko. Lakini alikuwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, hata kuitwa kwenye mahojiano ikawa shida. Aliyoipata ni nafasi katika maabara ya General Electric mjini Schenectady, si mbali na chuo chake, kushughulika na transista za umeme mwingi. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba alidhani anakwenda kuhudumia taaluma iliyokwisha kufa, ambayo yote ya maana yalikuwa yamekwisha gunduliwa. Akaingia hivyo hivyo, na akakaa miaka 14.

Sasa nikueleze tatizo alilolikuta. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno tangu 1973, na dunia ilikuwa imeanza kuhesabu umeme unaopotea. Mota nyingi za pampu, feni na mashine za kupooza hewa zilikuwa na mwendo mmoja tu. Ukitaka maji kidogo, mota inazunguka kwa nguvu zake zote nawe unaubana mfereji. Ni kama dereva wa matatu anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Dawa ilijulikana: upe mota umeme uliokatwa katwa kwa kipimo, izunguke polepole inapotakiwa polepole. Swichi ya kufanya kazi hiyo kwa bei ya kununulika ndiyo iliyokosekana.

Zilikuwapo aina mbili kubwa za transista, kila moja na kilema chake. Hebu zifikirie kama milango yenye askari. Mlango wa kwanza ni mpana, umeme mwingi unapita, lakini askari wake hafungui bila chai. Ukitaka kupitisha ampea kumi, yeye mwenyewe lazima apewe ampea moja au mbili, tena mfululizo, la sivyo anafunga. (Sitataja ofisi.) Mlango wa pili una askari mwadilifu, ishara ndogo ya volti inamtosha na wala hanywi chai ya mtu. Ila mlango wake ni mwembamba, na kadiri volti zinavyopanda ndivyo unavyozidi kubana na kupata joto.

Mwaka 1980 Baliga alipendekeza kuwaoza hao wawili ndani ya kipande kimoja cha silikoni, mlango mpana wa yule wa kwanza usimamiwe na askari mwadilifu wa yule wa pili. Ukilifasiri jina la Kiingereza la herufi zile nne, unapata kitu kama transista yenye lango lililokingwa. Jack Welch, aliyeshika usukani wa General Electric mwaka 1981, alielezwa habari hiyo na kazi ikapewa baraka.

Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Katika silikoni lilikuwa na ukaidi wake. Kwanza, ndani ya muundo ule kulikuwa na hatari ya mlango kufunguka kisha ukakataa kabisa kufunga, jambo ambalo katika mashine ya umeme mwingi humaanisha moshi. Wataalamu wengi waliona hilo peke yake linatosha kuliua wazo. Pili, hata ulipokubali kufunga, ulifunga kwa uvivu. Dawa ya uvivu ilikuwa kuipiga silikoni kwa miale ya elektroni, ila miale hiyo hiyo iliharibu lango. Baliga aligundua kwamba ukikioka kipande hicho baadaye kwa joto la kadiri, lango linapona na wepesi unabaki. Nimeupenda ugunduzi huu kuliko mengine yote, maana ni akili ya jikoni kabisa. Chapati iliyokosewa hurudishwa kikaangoni.

Kwa muda General Electric hawakutaka siri itoke. Habari ilisomwa mbele ya wataalamu Desemba 1982, na kifaa kikaanza kuuzwa mwaka uliofuata. Na nitakuwa mnafiki, msomaji wangu, nisipokuambia kwamba ubaba wa mtoto huyu una mabishano. Wajapani walikuwa na hataza ya wazo la jinsi hiyo tangu miaka ya 1960. Wahandisi wawili wa kampuni ya RCA, pale pale Marekani, walipata hataza yao mwaka 1982. Mwaka 1984 watafiti wa Toshiba walionyesha jinsi ya kuumaliza kabisa ukaidi ule wa kukataa kufunga. Uvumbuzi aghalabu ni kama harambee, mchango hutoka pengi na mgeni wa heshima huwa mmoja. Hata hivyo kwamba Baliga alilifanya wazo likafanya kazi na likaingia viwandani, hilo halipingiki kirahisi.

Haya, sasa turudi kwa fundi na bintiye, maana tumefika penyewe. Huyo mtu hakuwa profesa bado! Kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya akiwa mwajiriwa wa kampuni, na hataza za mwajiriwa kwa desturi huwa mali ya tajiri wake. Fundi hapo angepiga makofi. Lakini mwaka 1988 General Electric iliuza biashara yake ya vifaa vya silikoni kwa kampuni nyingine. Mwaka huo huo Baliga, akiwa na umri wa miaka 40, aliondoka akaenda kufundisha chuo kikuu cha jimbo la North Carolina, mjini Raleigh. Kampuni ilikuwa imeuona uvumbuzi wa karne ukipita ukumbini mwake na ikauza ukumbi. Ajira ya kampuni nayo, mzee wangu, ina mgomo wake, ila huko anayegoma ni mwajiri.

Alipofika Raleigh alifanya nini? Kuna watu wanaodhani profesa huamka saa nne akaenda kusoma maandishi yake ya mwaka juzi mbele ya wanafunzi wenye usingizi. Wako hao, nami nimewahi kukaa darasani mwa mmoja. Baliga mwaka 1991 alianzisha kituo cha utafiti wa vifaa vya umeme mwingi, ambako makampuni yalichangia fedha na kuonja matokeo. Aliandika vitabu ambavyo wanafunzi wa fani hii wamevitumia duniani kote, kile cha 1987 na vile vya 1996 na 2008 vikiwamo. Akasimamia wanafunzi wa udaktari mmoja baada ya mwingine, nao wakasambaa viwandani. Mwaka 1993, akiwa na miaka 45 tu, akachaguliwa kuingia katika akademia ya taifa ya uhandisi ya Marekani. Hataza zake zote pamoja, za kampuni na za chuo, zimefika 120 hivi.

Lakini hayo ni ya wasifu. Jambo linalonifanya nimtetee profesa mbele ya fundi ni hili. Miaka ya mwanzo ya 1980, Baliga alikaa akafanya hesabu: je, silikoni ndiyo udongo bora wa kufinyangia swichi hizi? Hesabu ikamwonyesha kwamba kabidi ya silikoni, ule ule unga mgumu ulio kwenye msasa mweusi wa fundi, ingepitisha umeme kwa upotevu mdogo kuliko silikoni kwa mamia ya mara katika volti kubwa. Kipimo hicho wataalamu wanakiita kwa jina lake mpaka leo. Tatizo ni kwamba wakati huo hakuna aliyejua kuufanya msasa uwe kioo safi cha kutosha. Kampuni gani ingengoja? Pale Raleigh, mwaka 1992, yeye na wanafunzi wake walichapisha habari ya kifaa cha kabidi ya silikoni cha volti 400. Ikachukua robo karne nyingine mpaka Tesla walipokitia kizazi cha vifaa hivyo katika gari lao la Model 3 mwaka 2017. Magari yao ya kabla ya hapo yalikuwa yakiendeshwa kwa IGBT. Kwa maneno mengine, mtu huyo alikuwa na mkono katika gari la jana na la leo, na katika hili la leo mkono wake ulikuwa wa mwalimu.

Na mkono huo unafika mbali kuliko tunavyodhani. Kifaa cha kuwasha cheche katika injini nyingi za petroli za siku hizi ni IGBT. Kile cha kushtua moyo uliosimama, ambacho wauguzi wanaweza kukibeba hadi ndani ya ambulensi, kilipungua ukubwa kwa ajili yake. Inveta za sola, mitambo ya upepo, majiko ya sumaku, mabasi ya umeme ya aina iliyoanza kuonekana Nairobi mwaka 2022, zote ni jamaa moja. Na wewe uliyewahi kulilaani sanduku la fundi jirani kwa kufifisha taa yako, umepumzika kwa sababu hiyo hiyo.

Heshima nazo zilikuja, tena kwa kuchelewa kama matatu ya mwisho wa mwezi. Rais Obama alimvisha nishani ya taifa ya teknolojia mwaka 2011. Wahandisi wa umeme na elektroniki wa dunia, IEEE, walimpa nishani yao kubwa mwaka 2014. Oktoba 2024, mjini Helsinki, Rais wa Finland alimkabidhi Tuzo ya Teknolojia ya Milenia, yenye kitita cha euro milioni moja. Hizo zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 130 za Kenya kwa bei ya siku zile. Alikuwa na umri wa miaka 76.

Nina la kusema kwa pande zote mbili, nalo nalisema nikiwa na hofu, kwa sababu karo si yangu. Wewe binti, tazama vizuri jinsi mambo yalivyofuatana. Miaka 14 ya kiwandani ilitangulia uprofesa, na swali lililomkuza lilitoka kwa watu waliotaka mota zisile umeme. Halikutoka maktabani. Kile kibanda cha babako unachokionea haya mbele ya wenzako ni maabara ya maswali. Nami nakuuliza, ni wanafunzi wangapi wenzako watakaoingia darasani la mwaka wa kwanza wakiwa wamekwisha ungua vidole kwa IGBT?

Nawe mzee wangu, usiniambie tena stima haina profesa. Miaka minane tisa unayoiogopa ndiyo iliyokupunguzia mkokoteni. Najua utasema mvumbuzi huyo alikuwa Mhindi wa Marekani mwenye babake mhandisi na maabara ya tajiri, na kwamba sisi hapa maabara zetu zina kufuli na darubini za mwaka arobaini na saba. Unasema kweli. Sina jawabu la hilo, na ningekuwa nalo ningelipeleka wizarani badala ya kuliandika hapa.

Alhamisi nilipita kibandani na karatasi zangu, nikawasomea yote haya kabla ya kumpelekea mhariri. Fundi alisikiliza akiwa ameinamia bomba. Nilipofika kwenye euro milioni moja aliinua kichwa. "Ulisema alianza kukitengeneza lini?"

"1980."

"Na pesa akazipata 2024." Akahesabu kwa vidole, akapiga mluzi. "Miaka arobaini na minne! Huyo mtoto akizipata nitakuwa kaburini."

"Lakini mashine uko nayo sasa, Baba," akasema bintiye.

Fundi hakumjibu. Aliichukua ile mashine, akaigeuza, akafuta vumbi kwenye zile herufi kwa kiganja, kisha akaiweka chini. Akaniambia kwamba godoro na ndoo vimekwisha nunuliwa, karo ya muhula wa kwanza ameshailipa nusu, na kwamba likizoni msichana atakuwa hapo akichomelea kama kawaida. Habari ya shahada ya pili hakuigusa. Msichana akanitazama pembeni, akanikonyeza, akavaa miwani yake ya kinga.

"Haya anko, sogea," akaniambia. "Cheche hazichagui mwandishi."